Mjomba aliniahidi fremu, sasa anasema yalikuwa maneno ya nyumbani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, fundi cherehani, naishi Ngamiani hapa Tanga. Nina jambo limenikosesha usingizi, na kila ninayemweleza ananipa jibu lake, sasa sijui nishike la nani.

Zamani nilikuwa Mbagala, Dar es Salaam. Nilikuwa na chumba changu cha kushonea, vyerehani vitatu, na wateja wa sare za shule na madera. Mwaka 2020 mjomba wangu, kaka yake marehemu mama, alifiwa na mkewe. Mwaka uliofuata akapata kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Mtoto wake wa pekee alikuwa Muscat kikazi, na hapa nyumbani hapakuwa na mtu wa kumsaidia hata kuoga. Alipopata nafuu ya kusema sawasawa, akanitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Bado ninao. Anasema: "Mwanangu, achana na hayo ya Mbagala, njoo hapa. Ukinitunza mpaka Mungu achukue amana yake, fremu ya mbele na vile vyumba viwili ni vyako. Na huyu mama yako mdogo amekaa hapa ananisikia."

Mimi nikamjibu kwa kuandika: "Mjomba, usiseme mambo ya fremu. Nakuja kwa sababu ni wewe." Nilimaanisha. Lakini Shangazi, nisikufiche, na hilo la fremu pia nililisikia.

Nikauza vyerehani viwili, nikaacha chumba, mume wangu akauza bajaji yake, tukaja. Mjomba akanipa shilingi 500,000 nitengeneze mlango na rafu za ile fremu, nikaanza kushona. Kodi hajawahi kunidai. Umeme na maji ya nyumba nzima nalipa mimi. Vile vyumba viwili vina wapangaji, kodi yao anachukua yeye. Mwaka 2022 paa lilianza kuvuja vibaya, nikatoa shilingi 3,400,000, nyingine mkopo wa vikoba, tukabadilisha mabati na kenchi. Mjomba mwenyewe alichukua daftari lake la kodi za wapangaji akaandika tarehe, kiasi, na maneno "pesa za mpwa, paa". Wageni wakija alikuwa akiwaambia, "Huyu ndiye mwenye fremu."

Sasa binamu yangu amerudi kutoka Muscat, mkataba wake wa kazi umeisha. Anataka ile fremu aweke duka la vipuri vya pikipiki. Mjomba akaniita baada ya alasiri, akaniambia: "Mwanangu, yale yalikuwa maneno ya nyumbani. Mimi sikuandikishana na mtu." Ananiambia nishonee uani. Nilitoka pale nikiwa sina la kusema, na usiku huohuo nikampelekea uji wake kama kawaida.

Mume wangu anasema twende kwa wakili, kwamba ile sauti ni mkataba tosha. Mama mdogo anasema ni aibu na laana kumpeleka mjomba mahakamani, na kwamba mambo ya ndugu hayana mkataba. Je, ule ulikuwa mkataba au haukuwa? Na kama ulikuwa, naudai vipi nikiwa bado naishi chini ya paa moja na watu hawa?

Mpwa, Ngamiani

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kilichonigusa kuliko vyote ni ule uji.

Nikikuelewa, umebeba maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni la sheria: maneno ya mjomba yalimfunga au hayakumfunga? La pili ni la moyo: kumbe mlikuwa mnaishi kwa mapatano, au kwa mapenzi? Nadhani la pili ndilo linalokunyima usingizi, lakini jibu lake limekaa ndani ya la kwanza, kwa hiyo tuanze na sheria.

Mumeo na mama yako mdogo wote wameharakisha kidogo. Mumeo yuko sahihi kwamba mkataba hauhitaji karatasi kila mara. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinataka ridhaa huru, watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kila upande utoe kitu halali, na lengo liwe halali. Maneno ya mdomo yanaweza kutimiza yote hayo. Ila kuna jambo ambalo kifungu hicho hakilitaji kwa jina na mahakama hulitazama sana watu wanapokuwa ndugu: je, waliokuwa wakisemezana walikusudia kufungana kisheria, au walikuwa wakiahidiana kama watu wa nyumba moja wanavyoahidiana kila siku?

Hilo tumelipokea kutoka Uingereza. Mwaka 1919 Mahakama ya Rufani ya huko iliamua shauri la Balfour. Mume alikuwa na kazi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mkewe alibaki Uingereza kwa ajili ya afya yake, na mume akamwahidi pauni 30 kila mwezi. Walipoachana, mke akadai. Mahakama ikasema hapana, wenzi walio katika ndoa yenye amani wanapopangiana matumizi hawakusudii kupelekana mahakamani. Jaji Atkin aliona kwamba ahadi za namna hiyo zikianza kudaiwa, mahakama zitafurika. Na kwa kuwa sheria zetu zilipokea misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza, ile inayojengwa na maamuzi ya majaji, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, uamuzi huo wa 1919 uliingia nyumbani kwetu ukiwa bado mpya. Kwa hiyo mama yako mdogo hajabahatisha. Kati ya ndugu, mahakama huanza kwa kudhani kwamba hapakuwa na kusudio la kufungana.

Huanza tu, lakini. Dhana hiyo inaweza kuvunjwa na mwenendo wa watu wenyewe. Liko shauri la Parker na Clark, la 1960, hukohuko Uingereza, na linafanana na lako kiasi cha kunishangaza. Wazee wawili, mume na mke, waliwaita mpwa wa yule mke na mumewe wakaishi nao. Waliandikiana barua, wazee wakaahidi kuwaachia sehemu ya nyumba. Yule mpwa na mumewe wakauza nyumba yao wakahamia. Baadaye wakakosana, wakaondolewa. Jaji aliona kwamba watu hawauzi nyumba yao kwa maneno ambayo hawakuyachukulia kuwa ya kufungana, akawapa fidia. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, umekuja baada ya ile tarehe ya 1920, lakini wakili wako anaweza kuutaja, na kumsaidia jaji kufikiri.

Mjomba akisema leo "moyoni sikukusudia mkataba", hilo peke yake halimalizi mambo. Mahakama haiingii moyoni mwa mtu. Inauliza: mtu mwenye busara aliyekaa pale, akisikia yale maneno na kuona yaliyofuata, angeelewa nini? Kipimo hicho kinamgusa mjomba, na kinakugusa wewe pia. Hapo ndipo naomba tukae kidogo.

Wewe ulimwandikia, "Usiseme mambo ya fremu. Nakuja kwa sababu ni wewe." Maneno yale ni mazuri, mwanangu, na ndiyo yatakayokuumiza zaidi shauri likifika mbele ya hakimu. Wakili wa upande wa pili atayasoma polepole: ahadi ilitolewa, mwenyewe akaikataa, akasema anakuja kwa mapenzi. Sauti ya mjomba iko kwenye simu yako, na jibu lako liko kwenye simu ileile.

Sisi watu wa huku tunajua yale yalikuwa nini. Ni mpwa gani wa Tanga atamjibu mjomba wake mgonjwa, "Sawa, nimekubali, fremu na vyumba viwili"? Angeonekana hana malezi. Mtu mzima akikuahidi kitu, unakataa kwa haya, naye anajua kwamba umekataa kwa haya, na ahadi inabaki palepale. Adabu yetu inatufundisha kuficha kusudio, na sheria inatupima kwa kile tulichokionyesha. Hilo linaniuma, na nimeona linavyowaumiza wanawake zaidi, kwa sababu wao ndio wanaoitwa kuja kuuguza. Hakimu aliyekulia pwani anaweza kulielewa jibu lako. Siwezi kukuahidi kwamba ataliona hivyo.

Zaidi ya jibu lako, kuna mengine ya kukupunguzia nguvu: umeishi bila kodi, na alikupa laki tano za kuanzia, mambo ambayo mjomba yeyote mwema angemfanyia mpwa wake. Yanayokuongezea ni kwamba aliweka sharti waziwazi, "ukinitunza", akamtaja shahidi, wewe ukavunja maisha yako ya Mbagala kwa ajili hiyo, na akawatambulisha wageni kwa mwenye fremu. Binamu anaweza pia kudai kwamba baba yake alikuwa mgonjwa asiyejua anachosema. Kwa hiyo itafaa kujua kama kuna anayeweza kueleza hali yake ya akili siku zile.

Lakini mimi nakaa sana kwenye lile daftari. Mtu anayepokea zawadi kutoka kwa mpwa wake haandiki kiasi na tarehe kwenye daftari la kodi. Aliandika kwa mkono wake, akiwa hajaombwa, mahali anapoweka hesabu za watu anaodaiana nao. Linaweza kuwa halithibitishi ahadi ya fremu. Ila linaonyesha kwamba zile 3,400,000 mjomba hakuzihesabu kuwa mapenzi matupu. Na hata mahakama ikikataa kwamba pana mkataba, Sheria ya Mikataba ina kifungu kingine kinachosema kwamba aliyemfanyia mwenzake kazi halali au kumpa kitu bila kukusudia kutoa bure, na mwenzake akafaidika, anastahili kufidiwa. Paa hilo wanalala chini yake wote. Lipige picha lile daftari, kwa adabu, likiwa mahali pake.

Ipo pia shida ambayo mumeo hajaiona. Unachodai ni sehemu ya nyumba. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mapatano ya kuhamisha haki ya ardhi yawe kwa maandishi, au walau yawepo maandishi yanayoyathibitisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokelewa kama ushahidi, kwa hiyo ile sauti usiifute na simu usiiuze. Lakini sauti kupokelewa kama ushahidi ni jambo moja, na kuhesabiwa kuwa maandishi ni jambo jingine. Kwenye maandishi hapo umesimama padogo, na sitaki ulipe wakili ukitegemea sauti peke yake.

Sasa niulize jambo, wala usinijibu mimi. Siku ile mjomba angekwambia, "Njoo unitunze, sina cha kukupa," ungekuja? Kama ungekuja vilevile, basi fremu ilikuwa juu ya mapenzi, na unachodai leo huenda ni heshima na kurudishiwa fedha zako, zaidi ya kuta. Kama usingekuja, au ungekuja kwa mwezi mmoja ukarudi kwa vyerehani vyako, basi ulikuwa umefanya mapatano hata kama ulimi ulikataa, na hupaswi kuona haya kuyasema. Najua inawezekana majibu yote mawili yakawa kweli kwa pamoja. Barua yako yenyewe inasema hivyo, na sioni kosa ndani yake.

Kingine cha kukagua ni dhana yako juu ya mjomba. Unamwona amekugeuka. Inawezekana. Lakini sikiliza tena maneno yake: "Sikuandikishana na mtu." Mzee aliyezoea kusema "huyu ndiye mwenye fremu" mbele ya wageni anaanzaje ghafla kuzungumza habari za kuandikishana? Huenda ni maneno ya mwanawe, na yeye ni baba mgonjwa anayeogopa mtoto wake wa pekee asiondoke tena. Na huyo binamu, je, amewahi kuusikia ule ujumbe? Amewahi kuliona daftari? Aliyekuwa Muscat miaka yote hiyo anaweza kuwa anaamini kwa dhati kwamba fremu ilikuwa wazi na wewe uliazimwa.

Kwa nyumba ya Waislamu kama naisoma barua yako sawasawa, kuna mlango mwingine kabla ya mahakama, nao unahitaji kuyaita maneno ya mjomba kwa jina lake. Kama ilikuwa hiba, yaani zawadi ya mtu akiwa hai, hiba hutimia kwa kukabidhi. Fremu ulikabidhiwa, mlango ukatengeneza, wageni wakaambiwa. Vyumba hukukabidhiwa, kodi yake anachukua yeye mpaka leo. Lakini alisema "mpaka Mungu achukue amana yake", na kitu kinachongoja mauti kinafanana zaidi na wasia. Wasia aliyeutoa anaweza kuuondoa akiwa hai. Habari njema ni kwamba wewe si mrithi wake maadamu mwanawe yupo, na mtu asiye mrithi anaweza kuusiwa ndani ya theluthi moja ya mali. Kwa hiyo mjomba ana njia ya kutimiza neno lake bila kumdhulumu mwanawe, ikiwa fremu na vyumba hivyo, au fremu peke yake, vinaingia kwenye theluthi hiyo. Shehe anayejua mirathi anaweza kuwakalia kikao mkapiga hesabu. Hasara yake ni kwamba utategemea neno linaloweza kubadilika, na wakati huo binamu yumo ndani ya nyumba kila siku.

Mnaweza pia kupatana kwa kidogo zaidi: ubaki na fremu kwa mkataba wa pango ulioandikwa, wa miaka kadhaa, fedha za paa zikihesabiwa kama kodi uliyolipa mbele. Unapoteza ndoto ya kumiliki, unapata mahali pa kushonea na karatasi mkononi. Au urudishiwe fedha za paa uhamie kwingine, na uuguzi wa mjomba ugawanywe, maana sasa ana mtoto mzima aliyerudi. Hili la mwisho hujaligusa kabisa kwenye barua. Wewe unampikia, unamwogesha, na binamu anapanga duka. Hata kikao kisipozungumza fremu, hilo lizungumzwe.

Ukichagua njia ya madai, ujue ilivyo. Mgogoro wa ardhi hupitia kwanza Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana ndipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo kwenda kata si sawasawa na kumshitaki mjomba, na ukimweleza mama mdogo hivyo huenda akatulia. Naye ni shahidi wako mkubwa, yeye ndiye aliyekuwa amekaa pale. Ukimfanya adui kwa haraka ya mumeo, umempoteza mtu pekee aliyesikia kwa masikio yake. Kwa upande mwingine, shauri likifika mbali, utaamka kila siku kumpa dawa mtu unayebishana naye barazani. Wapo wanaoweza hilo. Wewe ndiye unayejijua.

Mumeo ana haki yake. Aliuza bajaji, na katika barua nzima sikuona mahali alipoulizwa anajisikiaje. Kabla ya kikao chochote kaeni wawili mkubaliane ni kitu gani hamwezi kukiachia na kipi mnaweza. Siku ya kwanza ya kuzungumza na mjomba, mimi ningependa uende peke yako, umsikilizishe sauti yake mwenyewe, kisha umuulize, "Mjomba, siku ile ulitaka nielewe nini?" Umwache ajibu bila kumkatiza. Ila kama unahisi ukiwa peke yako utasema tena "usijali mjomba", basi mchukue mama mdogo.

Muda unao. Sheria ya Ukomo wa Madai inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba na miaka 12 kwa madai ya ardhi, kwa hiyo anayekwambia ufungue shauri wiki hii anakutisha bure. Fremu tu usiihame kabla hamjazungumza, kwa sababu ukishatoa vyerehani na kukabidhi ufunguo, itaonekana umekubali. Tanga wapo wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na hawatozi ada. Waulize ofisi ya kata au ustawi wa jamii wakuelekeze. Nenda na simu, picha ya daftari, na risiti za mabati kama bado zipo, na uwasomee jibu lako lile pia, usilifiche.